Hali Kabla ya Ndoa

Padri Mnembwe amefungua kalenda ya kanisa juu ya goti.
Majilio, hakuna ndoa. Kwaresima, hakuna ndoa.
Katikati zimebaki Jumamosi tatu,
na ya kwanza pesa ya korosho haitakuwa imeingia:
mnada wa nne umepita, chama cha msingi kinasema kesho,
na kesho ya chama cha msingi tunaijua.

"Basi ya pili," anasema Oswini,
kama mtu anayepanga siku ya kuezeka.

Miaka ishirini na sita nimempikia mtu huyu.
Miaka ishirini na sita kengele ya ushirika ikilia
wenzangu wananyanyuka, ubani unapanda nao,
mimi nabaki benchi la nyuma nikishika watoto wa watu.
Nimeshika watoto wa Newala nzima.
Wengine sasa wana ndevu.

Padri naye nilimshika.
Leo ananifundisha uvumilivu, Jumanne sita, saa kumi jioni,
namna ya kusema na mume akikasirika.
Jumanne ya tatu mume alisinzia.
Nikamfinya paja chini ya meza.
Nadhani somo lilikuwa hilo.

Wanangu wameunda kamati.
Hilda ndiye mwenyekiti, daftari lake lina mistari miekundu:
mchele, mbuzi wawili, maturubai,
spika za Kuthberti, atalipwa nusu kwanza,
shela la kukodi kutoka Masasi, elfu themanini kwa siku moja.
Kwa siku moja! Nguo isiyoweza hata kuinama.
Maji hawakuandika.
Utadhani wamekulia Dar es Salaam.
Huku kwetu juu, harusi ni mapipa,
mapipa sita, na mtu wa kuyalinda usiku.

Pete ndiyo iliyonisumbua.
Fundi alizungusha uzi kwenye chanda changu,
akautoa, akauzungusha tena.
Fundo hili si la uzee, nikamwambia,
ni mafuta ya ganda la korosho, misimu ya kubangua kwa mkono;
ngozi iliungua, ikaota nyingine juu yake.
Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema.
Hawakusema ipite vipi.
Fundi akapima kidole cha mwisho.
Oswini akacheka, kisha akanyamaza,
akanishika mkono pale pale mbele ya mtu,
jambo ambalo hajawahi kulifanya
ila siku ile ya Agneta, hospitalini.

Jumapili iliyopita likasomwa tangazo la tatu:
kama yuko ajuaye kizuizi cha halali, na aseme sasa.
Kimya.
Mjukuu wangu akapiga chafya.
Kanisa lote likaangua kicheko, hadi mzee wa kanisa,
hadi Padri, aliyejifanya anatafuta ukurasa.

Jana karani alileta kitabu kikubwa.
Jina, nikajaza. Umri, hamsini na moja.
Hali kabla ya ndoa: hajaolewa, mjane. Chagua moja.
Kalamu ikanigandia.
Mjane siye, namshukuru Mungu, anakohoa hapo nje.
Hajaolewa,
katika nyumba hii yenye bati la msimu ule mzuri,
wanne wakibishana jikoni bei ya vitunguu,
wa tano yuko kule makaburini,
mjukuu ananivuta kitenge anataka uji.

Nikaweka alama. Hajaolewa.
Mkono ulitetemeka kama wa msichana.
Niliona aibu, halafu sikuiona tena.

Nje Oswini anauliza mapipa ni sita au saba.
Saba, nasema. Hilda, andika saba.